Fundi Msengi na Honda ya Mama Mkunga

Pikipiki ya Zahoro iliwaka moto mchana kweupe kwenye barabara ya Soga, na kabla jua halijazama mtaa mzima wa Tangini, pale Kibaha, ulikwishajua kwamba aliyefunga nyaya zake ni Onesmo Msengi.

Mpaka siku hiyo Msengi alikuwa mtu wa kutafutwa. Alikuja Kibaha akiwa kijana, akitokea Kiomboi kule Iramba, akajifunza ufundi kwa mzee mmoja wa magari, lakini magari hayakumkaa rohoni. Kilichomkaa ni pikipiki, na hasa zile za zamani: Honda za mabwana shamba, Yamaha za wakaguzi wa elimu, Suzuki zilizoachwa na wamisionari zikalala mabandani pamoja na kuku. Mafundi wengine hukimbilia injini, kwa kuwa injini hunguruma, na ukiitengeneza mtaa mzima unasikia. Msengi alipenda umeme. Angekaa kibarazani kwake, nyaya zimemlalia mapajani kama utumbo wa mbuzi, akizifuata moja moja kwa ncha ya kidole huku akiimba besi ya nyimbo za kwaya kwa sauti ya ndani. Wenye pikipiki kuukuu walimletea kutoka Mlandizi na hata kutoka Dar. Hakuwa tajiri. Alikuwa na jina, na kwa fundi jina ni nusu ya mtaji.

Zahoro alikuwa bodaboda wa kijiwe cha Tangini, ingawa nyumbani kwao ni Soga. Pikipiki yake ilikuwa ya miaka ya karibuni, lakini panya walikuwa wametafuna nyaya, akampelekea Msengi azifunge upya. Msengi alizifunga. Zahoro akaondoka akimsifu, akapiga kazi kwa miezi. Halafu siku moja, akiwa amempakia mama mmoja na kapu lake la mihogo, pikipiki ikazimika. Akabonyeza stata, ikakohoa. Akabonyeza tena na tena, na tena, mpaka moshi ukachomoza chini ya tangi.

"Mama, shuka! Shuka haraka!"

Yule mama aliruka na kapu lake. Zahoro alichelewa kidogo tu, na katika huko kuchelewa kidogo moto ukamlamba mguu wa kulia kuanzia kwenye kifundo mpaka gotini.

Msengi alikwenda kumwona hospitalini, yeye na mkewe Margareth, wamebeba machungwa na chupa ya uji. Zahoro alikuwa amelala chali, mguu umefungwa bandeji nyeupe. Alipomwona fundi, akageuza uso ukutani.

"Pole, mwanangu," Margareth alisema.

"Asante, mama. Wewe sina neno na wewe." Kisha, bila kugeuka: "Fundi, umeniunguza. Pikipiki ndiyo iliyokuwa inamlisha mama yangu."

Msengi alitaka kusema kwamba kila waya aliufunga kama inavyotakiwa, na fyuzi aliweka ya saizi yake. Lakini ghafla alijiuliza: je, nina hakika? Akaweka machungwa juu ya kikabati, akatoka.

Swali lile ndilo lililommaliza, kuliko hata maneno ya watu. Watu walisema, ni kweli. Kijiweni walisema Msengi amezeeka, macho hayaoni rangi za nyaya. Mwingine akasema anatumia waya wa redio kwenye pikipiki. Wateja wakaanza kupita mbele ya kibaraza chake wakitazama upande mwingine, kama watu wanaompita mdai wao. Lakini Msengi angeweza kuvumilia hayo. Kilichomshinda ni kwamba alikuwa anaifunga upya pikipiki ya Zahoro kichwani mwake kila alipokaa kimya. Kanisani, mchungaji akihubiri, yeye alikuwa kwenye waya wa taa. Akila, alikuwa kwenye swichi. Alifika mwisho wa kila waya asione kosa, na kwa kuwa hakuliona, akaamini kwamba liko mahali ambapo hata yeye hajui kutazama. Hofu ya namna hiyo haina dawa dukani.

Akafunga kazi. Testa, spana na koleo akavitia ndani ya mfuko wa sandarusi, mfuko akautia uvunguni. Akaanza kwenda na Margareth kwenye kibanda chake cha chakula karibu na stendi, akawa anamenya viazi. Vidole vilivyozoea kushika waya mwembamba kama unywele vilimenya viazi vizuri ajabu, maganda yakitoka membamba kama karatasi, na wateja wa chipsi hawakujua wanahudumiwa na nani.

"Baba Brighton," mkewe alimwambia siku moja wakisafisha masufuria, "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo halikuvunjika, mama Brighton. Koleo limemuunguza mtu."

Margareth akaendelea kusugua sufuria. Alimfahamu mumewe, ukimsukuma, anasimama kama punda.

*

Mama Herieth alitokea mchana mmoja, wakati walaji wa mchana wamekwisha na nzi ndio wamebaki. Alikuwa mwanamke wa makamo yaliyokwishapita, mfupi, mnene wa mabega, amevaa kitenge na viatu vya raba. Alikuwa mkunga mstaafu wa huko Maneromango, Mzaramo wa familia ya Kilutheri ya zamani, na katika kata zile ni vigumu kumpata mtu wa chini ya miaka arobaini ambaye hakupokewa na mikono yake. Enzi za kazi alikuwa na Honda tisini, ile ya kupanda kwa kuvuka katikati, ambayo mwanamke aliweza kuiendesha na gauni lake. Kila ilipougua taa, aliileta Tangini kwa Msengi.

"Shikamoo, mama," Msengi alisema, akifuta mikono kwenye aproni ya mkewe.

"Marahaba, mwanangu. Nimekwenda kwako nimekuta kibaraza kitupu. Nimeambiwa uko huku unamenya viazi. Nikasema hapana, huyo ni mwingine."

"Ndiye mimi, mama."

Akakaa. Margareth akamwekea chai. Mama Herieth akaeleza shida yake. Honda imelala tangu alipostaafu. Sasa goti linamsumbua, kutoka shambani kwake hadi kanisani ni mbali, na wakati wa mvua bodaboda wanakataa barabara. Akaitoa bandani, fundi wa Kisarawe akaiamsha injini, inaunguruma vizuri tu. Tatizo ni umeme.

"Ukikanyaga breki, honi inalia kama mtu mwenye pumu. Ukiwasha indiketa ya kushoto, taa ya nyuma ndiyo inayokonyeza. Taa kubwa ya mbele ikipenda inawaka, isipopenda hata uipigie magoti. Mafundi wamebadilisha betri, wamebadilisha balbu, wa mwisho akaniambia ina jini nimwite mchungaji. Nikamwambia, mchungaji mwenyewe ananisubiri nifike kanisani na hiyo pikipiki."

Margareth akacheka. Msengi naye alitaka kucheka, lakini alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa.

"Mama, nimeacha hiyo kazi. Nadhani umesikia."

"Nimesikia. Pikipiki iliyoungua imeungua. Yangu haijaungua, inakohoa tu."

"Nikiigusa ikakuunguza wewe?"

Mama Herieth alikizungusha kikombe chake juu ya meza. Alipozungumza tena, ule utani ulikuwa umekwisha katika sauti yake.

"Mwaka wangu wa pili kazini, mtoto alinifia mikononi. Alitoka mzima, amelia, kisha akanyamaza. Mama yake aliniambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mezani kwa watu. Nikarudi chumbani kwangu, nikafungasha sanduku. Asubuhi nalifunga kamba, nasikia hodi. Mwanamke mwingine, uchungu umeshamshika, ametembea kutoka porini huko. Ungenishauri nimwambie nini? Arudi nao?"

"Hapana, mama."

"Basi."

"Lakini uliwahi kujua?" Msengi aliuliza polepole. "Yule wa kwanza. Kosa lilikuwa la nani?"

"Sikujua. Mpaka leo sijui, na nitaingia kaburini sijui. Nilichokijua ni kwamba aliyekuwa mlangoni alikuwa hai."

Margareth alijifanya anapanga sahani. Msengi akautazama mkono wake, ule uliokuwa umeshika kisu cha viazi, kisha akasema, "Sitaweza kuifanyia huku. Inabidi niione mahali inapotembea."

"Ndiyo maana nimekuja na nauli yako," alisema Mama Herieth, akainuka kabla fundi hajabadili mawazo.

*

Barabara ya kwenda Maneromango kutoka Kisarawe mjini ilikuwa na mashimo ya kutosha kufugia samaki. Msengi aliyatazama kupitia dirishani na tayari akili yake ilikuwa imeanza kazi bila ruhusa: kwenye barabara ya namna hii kila kifungo kinalegea, kila bolti inacheza. Alipojikuta anafikiri hivyo, alishtuka, akaukumbatia magotini ule mfuko wa sandarusi aliokuwa ameutoa uvunguni.

Honda ilikuwa imeegeshwa uani kwa Mama Herieth, chini ya bati, na ilikuwa inang'aa. Rangi ya samawati, nzito, imepakwa kuanzia mbele hadi nyuma bila kuacha hata kichwa cha bolti.

"Hii rangi ni ya lini, mama?"

"Ah, hiyo ni zawadi. Nilipostaafu, umoja wa wanawake walichanga wakaipeleka kupakwa rangi. Imependeza, siyo?"

"Imependeza."

Akavua shati, akabaki na fulana, akachuchumaa. Mwanzoni aliitoa testa mfukoni, akairudisha, akaitoa tena. Mama Herieth aliona. Akaingia jikoni, akaanza kutwanga kisamvu kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika, ili mgeni ajue hatazamwi.

Msengi alianza na betri. Nzima. Akafuata waya wa taa ya mbele mpaka kwenye swichi, kutoka swichi hadi kwenye balbu. Mzima. Fyuzi nzima. Kila mahali umeme ulikuwa unakwenda kama unavyotakiwa kwenda. Akawasha injini na taa, akakaa kitako juu ya mchanga. Taa ikawaka kwa unyonge, nyekundu kama kaa la mwisho. Akanyoosha mkono kushika usukani ajiinue, na kiganja chake kikaibana ile kebo nyembamba inayotoka kwenye mkono wa mafuta kwenda kwenye kabureta.

Taa ikang'aa.

Akaachia. Taa ikafifia. Akabana tena, akaivuta kidogo. Taa ikang'aa mpaka ikapiga ukuta wa jiko.

"Heee," alisema Msengi peke yake.

Umeme hautoki tu ukaenda zake. Lazima urudi ulikotoka. Ukiondoka kwenye betri kwenda kwenye taa, unatafuta njia ya kurejea kwenye betri, na njia hiyo huwa ni chuma cha pikipiki yenyewe, fremu na injini. Mafundi wanaiita ethi. Ikiwa njia hiyo imezibwa, umeme haukai chini ukalia. Unatafuta uchochoro. Unapita kwenye balbu ya jirani, ndiyo maana taa ya nyuma inakonyeza badala ya indiketa. Unapita kwenye honi, honi inakohoa. Na ukikosa kabisa, unapita kwenye kebo ya mafuta, ambayo haikuumbwa kubeba umeme hata chembe.

Kilichoiziba njia kilikuwa mbele ya macho yake, kinang'aa. Ile rangi ya zawadi. Mpakaji aliifungua injini, akapaka fremu yote hadi ndani ya mashimo ya bolti, akapaka na pale waya wa ethi unapokaa, kisha akarudisha kila kitu juu ya rangi. Chuma hakikugusana na chuma popote.

Msengi akachukua msasa, akaanza kukwangua.

"Weee! Wewe mtoto!" Mama Herieth alitoka jikoni mchi ukiwa mkononi. "Unaikwangua zawadi yangu!"

"Kidogo tu, mama. Pale pasipoonekana."

"Nimekuita uniondolee jini, unaniondolea rangi!"

"Ndiyo jini lenyewe hili, mama."

Akamweleza, akimwonyesha kwa kidole. Mama Herieth aliinama kwa shida ya goti lake, akatazama lile doa la chuma cheupe katikati ya samawati, akatikisa kichwa. "Yaani mapenzi ya wenzangu ndiyo yaliyoniulia taa." Kisha akaanza kucheka, na alivyocheka mabega yote yalitikisika. "Usije ukawaambia. Nakuomba. Wana umoja hawa watalia."

Alikwangua kila penye kukutana, akapaka grisi kuzuia kutu, akaongeza waya mmoja mfupi mnene kutoka kwenye injini hadi kwenye fremu ili safari nyingine isiwe ya kubahatisha. Walipojaribu, indiketa ya kushoto ikakonyeza kushoto, taa ya nyuma ikatulia kwenye shughuli yake, na honi ikapiga kwa nguvu hata kuku wakatawanyika uani na mbuzi akakata kamba. Mama Herieth akapanda vile vile na kitenge chake, akazunguka shamba la mihogo, akarudi uso umemlainika kama msichana.

Lakini Msengi alikuwa amesimama pale pale, akiifikiria kebo ya mafuta. Alipoibana kabla ya kukwangua, ilikuwa na joto. Kidogo sana, joto la kikombe kilichotoka kunywewa chai. Honda hii ya zamani inawashwa kwa kupigwa teke. Umeme wake ni wa taa na honi tu. Ingekuwa na stata, ile mashine inayomeza umeme kwa mkupuo, na njia ya kurudi ikiwa hakuna? Kebo ingekuwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Chini ya tangi. Kando ya mpira wa mafuta.

"Kuna nini tena?" Mama Herieth aliuliza akizima injini.

"Mama, inabidi niende Soga."

*

Nyumba ya mama yake Zahoro ilikuwa upande wa pili wa reli mpya, mahali ambapo treni ikipita vikombe hutikisika mezani kidogo kisha kimya kinarudi. Zahoro alikuwa nje, anapanga mafungu ya mkaa wa kuuza. Alitembea akichechemea. Alipomwona Msengi, akasimama wima, mikono myeusi imening'inia.

"Shikamoo," alisema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Zahoro, sikuja kujitetea. Nimekuja kuitazama ile pikipiki, kama bado ipo. Nikikuta ni kosa langu, nitakwambia hapa hapa, mbele ya mama yako."

Zahoro akaelekeza kwa kidevu. "Ipo nyuma ya banda. Wauza vyuma chakavu walitaka kuichukua, mama akakataa."

Pikipiki ilikuwa imebaki mifupa. Tangi limepasuka, kiti kimebaki waya, nyasi zimepita katikati ya magurudumu. Msengi aliogopa kuikaribia. Halafu akamkumbuka yule mwanamke wa mlangoni, akachuchumaa.

Nyaya alizozifunga yeye zilikuwa zimeungua zote, hazikuweza kumwambia kitu. Lakini kebo ya klachi, inayotoka kwenye mkono wa kushoto na kupita chini ya tangi hadi kwenye injini, ilikuwa na hadithi tofauti na ya vyuma vingine. Vingine moto ulivipita kwa juu. Hii ilikuwa imeiva kutoka ndani, nyuzi zake za chuma zimegeuka buluu na kushikana kuwa kitu kimoja. Msengi akateremka kwa kidole mpaka kwenye injini, upande wa nyuma, mahali anapopafahamu kama mdomo wake. Pale palitakiwa kuwa na waya wa ethi, na alikumbuka siku alipoukaza kwa spana ya kumi. Bolti ilikuwepo. Waya haukuwepo. Wala haukuungua, maana ungeacha kile kichwa chake cha shaba, na kichwa cha shaba hakiliwi na moto wa namna ile. Kwenye fremu nako, tundu tupu.

Akakaa chini kwenye nyasi.

"Zahoro, hii injini iliwahi kushushwa baada ya mimi kufunga nyaya?"

Zahoro alikuwa amesimama nyuma yake. Uani, mama yake aliacha kuchambua mchele.

"Iliwahi," Zahoro alisema. "Ilikuwa inavuja oili. Gasketi. Nikasema ni kitu kidogo, nikaishusha mwenyewe hapa hapa, na jirani akanisaidia kuipandisha."

"Mlipoirudisha, hakuna kilichobaki?"

Uso wa Zahoro ulibadilika taratibu, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

"Kulikuwa na waya mmoja mfupi. Mweusi. Ulibaki mkononi. Nikapiga stata, pikipiki ikawaka. Nikasema, waya gani huu, kama ungekuwa wa muhimu si ingekataa kuwaka? Nikautupa." Akajipangusa uso, akaacha michirizi ya mkaa. "Ndio huo?"

"Ndio huo. Bila huo umeme ulirudi kwa kebo ya klachi, na siku ile ulipobonyeza stata tena na tena, kebo ikaiva."

"Basi ni mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimejiunguza mwenyewe, halafu nikazunguka Kibaha nzima nikilichoma jina lako."

Kwa miezi yote ile Msengi alikuwa ameyasubiri maneno hayo. Aliyasubiri kibandani, kanisani na njiani, akijua yakija atasimama wima kama mtu aliyetua gunia. Sasa yamekuja, na alichokiona mbele yake ni kijana mwenye mguu mmoja uliokunjamana ngozi na macho yaliyojaa maji. Furaha haikuja. Alijikuta akiikumbuka siku alipomaliza kazi ile, amekalia kigoda kibarazani, na jinsi alivyompa Zahoro funguo na kumwambia "safari njema" bila kumwonyesha lolote.

"Hukujua," alisema. "Na mimi sikukwambia. Nilifunga nikakabidhi."

"Fundi hawezi kumwambia mtu kila waya."

"Anaweza kumwambia ule mmoja."

Mama yake Zahoro alikuja, akasimama kati yao na ungo wake. Alikuwa amesikia yote. Hakumfokea mwanawe, wala hakumwomba radhi mgeni kwa maneno. Alisema tu, "Chakula kinaiva. Fundi, utakula nasi," na kwa jinsi alivyosema ilikuwa wazi kwamba kukataa kungekuwa tusi. Wakala wali na mchicha, bakuli moja la kunawia. Treni ikapita. Mwishoni Zahoro akasema atakwenda kijiweni.

"Si lazima," Msengi alisema.

"Ni lazima."

Alikwenda kweli. Msengi hakuwepo, lakini alisimuliwa. Zahoro alisimama mbele ya wenzake, akapandisha suruali mguu uonekane, akaeleza habari ya waya alioutupa. Wengine walinyamaza. Wengine walimcheka, wakamwita injinia. Mmoja akasema wazi kwamba Msengi amemhonga. Jina likishachafuka halisafishwi kwa siku moja, na wapo ambao mpaka leo wakipita pale kibarazani bado wanatazama upande mwingine.

Lakini wengine walirudi, kwanza wenye pikipiki kuukuu ambao hawakuwa na pa kwenda, kisha na wengineo. Msengi alifungua kazi tena, nusu siku, maana Margareth alikwishazoea msaada wake na hakutaka kumwachia siku nzima. Alibadilika kidogo. Kabla hajamkabidhi mtu funguo, alimwambia achuchumae, awe mwalimu, awe polisi, awe mama mwenye mtoto mgongoni, akamshikisha ule waya mfupi kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia kazi yake. Baadhi waliona anawapotezea muda. Walichuchumaa hivyo hivyo.

Mwaka uliofuata Zahoro alipata pikipiki nyingine, iliyotumika, kupitia kikundi chao cha bodaboda. Siku aliyoipata hakwenda nayo kijiweni. Aliileta moja kwa moja Tangini, akaiegesha, akakaa kimya pembeni kwa asubuhi yote huku Msengi akiipitia waya baada ya waya. Hakukuta kosa isipokuwa soketi moja ya taa ya nyuma iliyokwisha.

"Hiyo sina hapa," alisema akinyoosha mgongo. "Inapatikana Maili Moja."

Zahoro akapanda, akashika usukani, akabonyeza stata. Injini ikapokea mara moja. Akasogea mbele kidogo, akampigia kiti cha nyuma kwa kiganja.

"Panda basi, mzee. Nikupeleke."

Msengi akafuta mikono, akamwita Margareth amwambie anatoka, akapanda.